Kamera ni Amana: Maisha ya Mpiga Picha Mohamed Amin



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Anaeleza kwamba mwanawe wa kiume amemaliza kidato cha nne kwa matokeo ya wastani, na tangu hapo hana neno jingine ila kamera. Anataka kusomea upigaji picha za filamu. Baba yake amekataa katakata. Asema kazi ya kubeba kamera ni ya kuzunguka kwenye maharusi, haina heshima wala mwelekeo, na kijana akirudi tena na shauri hilo asitarajie ada. Maneno yalizidi, sauti zikapanda, na kijana akaenda kukaa kwa mjomba wake. Juma la tatu sasa hajarudi. Mama anatuuliza: "Hii ni kazi ya mtu wa heshima, au mimi namtetea mwanangu katika upuuzi?"

Tumeisoma barua hiyo mara kadhaa kabla ya kushika kalamu. Kuhusu hukumu ya picha kwa upande wa fiqhi, hilo tunawaachia wanazuoni wetu, nao wamekwisha kulieleza kwa urefu. Swali la mama huyu ni la namna nyingine. Anataka kujua kama mtu anaweza kuushika umri wake wote kamera mkononi, na siku akiondoka duniani pasemwe kwamba alikuwa na manufaa kwa waja. Tumeona jibu lililo bora ni kumsimulia maisha ya mtu mmoja, Muislamu wa Afrika Mashariki hii hii, aliyekulia Dar es Salaam. Tutaeleza aliyoyapata kwa kazi hiyo, wala hatutaficha yaliyomgharimu, kwa kuwa mzazi anayeamua jambo la mwanawe anastahili kuona pande zote mbili.

KISANDUKU CHENYE LENZI

Mohamed Amin alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Asili ya wazazi wake ilikuwa Punjab, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Kazi hiyo ya reli ndiyo iliyoihamisha familia hadi Dar es Salaam, Mohamed akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Haikuwa nyumba ya utajiri. Ilikuwa nyumba ya mfanyakazi, kama zilivyo nyumba nyingi za wanaotusoma.

Akiwa na umri wa miaka kumi na kitu alijipatia kamera ya mkono wa pili, aina ya Box Brownie. Wazee watakumbuka kamera zile: kisanduku tu, lenzi moja mbele, kitufe pembeni, na hakuna kingine cha kurekebisha. Ilikuwa ni katika kamera za bei ya chini kabisa. Lakini kisanduku kile kilimfundisha jambo ambalo kamera za gharama hazimfundishi mtu. Kwa kuwa hakingeweza kuvuta kitu cha mbali, ilimlazimu mpigaji asogee mwenyewe. Na kwa kuwa kila picha ilikula filamu, na filamu ilinunuliwa kwa fedha, ilimlazimu atazame kwanza, afikiri, ndipo abonyeze.

Shuleni alijiunga na klabu ya upigaji picha, na huko akajifunza kazi ya chumba cha giza: kuitoa filamu katika dawa, kuisuuza, kuianika, kisha kuitoa picha katika karatasi. Bado akiwa mwanafunzi alianza kupiga picha za mashindano ya magari ya Safari na kuziuza kwa magazeti. Mwaka 1963, akiwa na umri wa takriban miaka 20, alianzisha Dar es Salaam kampuni yake aliyoiita Camerapix. Hakuwa na shahada. Alikuwa na ufundi aliojifunza kwa mikono yake, na ada ya kuwahi kufika kabla ya wengine.

Hapa tunasita kidogo tumwambie baba wa kijana wetu jambo moja. Kilichomtoa Mohamed Amin hakikuwa mapenzi ya kamera peke yake. Wengi wanaipenda kamera. Yeye aliifanya kuwa kazi tangu shuleni: akajifunza hatua zake zote, akauza kazi yake, akajua thamani yake. Basi la kumuuliza kijana si kama anaipenda kamera. Muulize amejifunza nini kwayo mpaka leo, na yu tayari kujifunza nini kesho.

KUTOKA GEREZANI HADI TUZO

Januari 1964 yalipotokea mapinduzi ya Zanzibar, Mohamed Amin, kijana wa miaka 20, alikwenda na kamera yake. Picha alizorudi nazo zilimfungulia mlango wa kufanya kazi na mashirika ya habari ya nje. Lakini mlango huo huo ulimwingiza katika matatizo. Mwaka 1966, kwa sababu ya kazi yake ya kupiga picha Zanzibar, alikamatwa akawekwa gerezani takriban mwezi mmoja, kisha akatakiwa aondoke nchini. Akarejea Nairobi, mji aliozaliwa, akaanza upya.

Ni vyema wazazi walijue hili mapema. Mpiga picha wa habari huishi karibu na hasira za wakubwa na hasira za umma. Asiyeweza kustahimili kufukuzwa, kukatazwa na kudhaniwa vibaya, kazi hii haitamfaa. Na asiyeweza kusahau machungu pia haitamfaa. Mohamed Amin hakuishi akiitukana nchi iliyomfukuza. Miaka 18 baadaye, mwaka 1984, jina lake lilikuwa juu ya kitabu cha picha kuhusu Tanzania, kimojawapo katika mfululizo wa vitabu vyake vya safari, akiionyesha dunia uzuri wa milima, mbuga na watu wa nchi hiyo.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Waziri Tom Mboya alipigwa risasi katikati ya jiji la Nairobi alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Mohamed Amin alifika mapema mno, akapiga picha za filamu za dakika zile ngumu, pamoja na safari ya gari la wagonjwa. Mboya alifariki. Kwa kazi ile, Mohamed Amin alipewa nchini Uingereza tuzo ya mpiga picha wa televisheni wa mwaka. Alikuwa na umri wa miaka 26 hivi.

Tuseme ukweli: ni tuzo iliyotokana na kifo cha mtu. Ndivyo zilivyo nyingi katika tuzo za kazi hii, nasi hatuwezi kulipita jambo hilo kama hatujaliona. Kinachotenganisha mpiga picha mwema na mtu anayekimbilia maafa ya wenzake ni nia aliyoendea nayo, na namna alivyowatunza wale aliowapiga picha. Tutalirudia jambo hili, maana ndilo kiini cha makala yetu.

Katika miaka iliyofuata alifanya kazi katika sehemu nyingi za Afrika na Asia, akiwa kiongozi wa ofisi ya Nairobi ya shirika la habari za televisheni la Visnews. Miongoni mwa kazi zilizo karibu nasi zaidi ni ile ya Hija. Mohamed Amin aliingia Makka kama Muislamu na kama mpiga picha, na mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha picha kuhusu safari hiyo ya ibada, kiitwacho Pilgrimage to Mecca. Leo mtu anaiona Kaaba katika simu yake akiwa kitandani. Wakati ule familia nyingi za Waislamu zilikuwa hazijapata kuiona Mina, Arafa na Muzdalifa ila kwa masimulizi ya waliokwenda.

ALFAJIRI YA KOREM

Tunafika sasa mwaka 1984. Kaskazini mwa Ethiopia mvua zilikuwa zimekatika, na pamoja na ukame huo palikuwa na vita baina ya serikali na vikundi vya waasi wa Tigray na Eritrea. Mazao hayakuwapo, na palipokuwa na nafaka, vita vilizuia isifike. Watu walikufa kwa wingi. Serikali iliyokuwapo Addis Ababa iliadhimisha mwezi wa Septemba miaka 10 ya mapinduzi yaliyomwondoa Mfalme Haile Selassie, na haikupenda waandishi wa habari wafike kaskazini. Mashirika ya misaada yalikuwa yametoa sauti, lakini dunia haikugutuka.

Mohamed Amin alihangaikia vibali mpaka akavipata. Oktoba mwaka huo, yeye na mwandishi wa BBC, Michael Buerk, walifika katika kambi za Korem na Makelle. Korem iko nyanda za juu, na baridi ya alfajiri ya huko ni kali. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamelala uwandani, wengi wakiwa hawana cha kujifunika ila nguo zilizochakaa. Kulipopambazuka walionekana walioamka na wasioamka. Waliokufa usiku walikuwa wamefungwa katika magunia na vitambaa, wakubwa kwa wadogo, wamelazwa kwa safu. Huko Makelle alikuwapo muuguzi wa Msalaba Mwekundu, Claire Bertschinger, ambaye chakula alichokuwa nacho kilitosha watoto wachache tu kati ya mamia waliopangwa mbele yake. Ilimlazimu apite katika safu na kuchagua nani aingie. Mzazi yeyote anayesoma mstari huu anajua uchaguzi huo maana yake ni nini.

Mwenye kutazama picha zile hata leo ataona namna kamera ilivyoshikwa. Haikimbii. Inapita taratibu juu ya uwanda ule, na inasimama mbele ya uso wa mtu muda wa kutosha mpaka mtazamaji aone kwamba huyu ni mama wa fulani, huyu ni mtoto wa fulani. Kamera za televisheni za wakati ule zilikuwa nzito, zikibebwa begani, na kuituliza kamera namna hiyo mahali ambapo watu wanakufa mbele yako si jambo la ufundi wa mikono peke yake. Mtu anayetaka kuondoka haraka picha zake hutikisika. Yeye alitulia ili na sisi tutulie, tutazame, tusipate pa kukimbilia.

Mkanda ulipelekwa London, na tarehe 23 Oktoba 1984 BBC iliutangaza. Siku hiyo hiyo shirika la NBC liliuonyesha Marekani. Kisha vituo vingine vikafuata, na inaelezwa kwamba vilivyouonyesha vilifikia 425 duniani, na watazamaji walikadiriwa kuwa milioni 470. Serikali zilizokuwa zimelala ziliamka. Ndege za kijeshi za Uingereza zilianza kubeba chakula badala ya askari. Wanamuziki wa Ulaya na Marekani walikusanya mamilioni ya fedha, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha ya Live Aid katika miji ya London na Philadelphia. Watoto wa shule walichanga vijisenti vyao. Yote hayo yalianzia katika kamera iliyokuwa juu ya bega la mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka Eastleigh.

Hatusemi kwamba picha zile zilimaliza dhiki. Kwa maelfu mengi msaada ulichelewa, na inakadiriwa kwamba waliokufa katika baa lile walikuwa kati ya laki kadhaa na milioni moja. Vita viliendelea miaka mingine. Aidha, Waafrika wengi wamelalamika, na wana haki ya kulalamika, kwamba tangu wakati ule sura ya mtoto aliyekonda imekuwa kwa watu wa mbali ndiyo sura ya Afrika nzima. Lakini lawama hiyo hatuoni kama inamfaa Mohamed Amin. Vitabu vyake vya picha vilionyesha masoko, misikiti, wavuvi, wafugaji, sherehe na milima ya nchi zetu. Kampuni yake ndiyo iliyolitengeneza jarida la shirika la ndege la Ethiopia, Selamta, ambalo liliionyesha nchi ile ile katika siku zake za afya. Aliionyesha dhiki ilipokuwapo, na neema ilipokuwapo. Shahidi wa kweli ndivyo anavyotakiwa: haongezi wala hapunguzi.

MKONO MMOJA

Mei 1991 serikali ya Addis Ababa ilianguka. Mohamed Amin alikuwa huko. Tarehe 4 Juni ghala kubwa la silaha lililipuka jijini, naye pamoja na wenzake walikwenda kupiga picha za moto ule. Mlipuko mwingine ukatokea. Mshika sauti wake, John Mathai, Mkenya, aliuawa papo hapo. Wakati ule mpiga picha na mshika sauti walitembea kama mtu na kivuli chake, kwa kuwa kazi ya mmoja ilitegemea ya mwenzake. Mohamed Amin alijeruhiwa vibaya, na mkono wake wa kushoto ukakatwa.

Mpiga picha wa filamu bila mkono ni kama fundi seremala bila mkono. Wengi walidhani kwamba amefika mwisho. Yeye alikwenda Marekani akatengenezewa mkono bandia, akajifunza upya kuishika kamera, na baada ya miezi michache alikuwa amerudi kazini.

Kwa wale wanaosema kwamba hii ni kazi ya wavivu waliokimbia vitabu, tunawaomba walifikiri hilo.

Miaka mitano baadaye, Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1996, alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, akirudi nyumbani. Alikuwa na mwandishi mwenzake wa miaka mingi, Brian Tetley. Vijana watatu waliiteka ndege hiyo wakamwamuru rubani awapeleke Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wasimsikilize. Ndege ikaambaa na pwani ya Afrika Mashariki, kisha ikaelekea baharini, mpaka mafuta yakaisha. Ilianguka majini karibu na ufuko wa Mitsamiouli, kaskazini mwa Ngazija. Waliokuwamo walikuwa 175, na 125 kati yao walikufa, Mohamed Amin na Tetley wakiwamo. Wamesimulia walionusurika kwamba alikuwa amesimama, akijaribu mpaka dakika za mwisho kuzungumza na watekaji. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mtalii mmoja aliyekuwa ufukweni aliipiga picha ndege ile kwa kamera yake ya mkononi ilipokuwa ikigonga maji, na picha hizo zikazunguka dunia. Mtu aliyetumia maisha yake kutuonyesha ajali na vifo vya wengine, kifo chake mwenyewe kilionyeshwa na kamera ya mpita njia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun.

HAKI YA WALIOBAKI NYUMBANI

Tungeweza kuishia hapa, na makala ingekuwa ya kusifu tupu. Lakini huu ni ukurasa wa familia.

Mohamed Amin alikuwa na mke na mtoto wa kiume, Salim. Baba alipofariki, Salim alikuwa bado kijana, na mzigo wa Camerapix ukamwangukia yeye. Ameubeba vyema. Nairobi iliundwa taasisi yenye jina la baba yake iliyowafundisha vijana wa Kiafrika kazi ya televisheni, na hazina kubwa ya picha za mzee imehifadhiwa. Mwaka 2006 ilitoka filamu ya Salim kuhusu baba yake, iitwayo Mo & Me. Wenye kuitazama wakitarajia sifa tupu watakuta pia jambo jingine: mtoto anayemtafuta baba ambaye dunia ilimjua kuliko nyumba yake ilivyomjua. Simu ikilia usiku, baba hutoka. Pakitokea vita mahali, baba hayupo. Aliporudi, alikuwa na kazi ya kumaliza na safari nyingine ya kufunga.

Tunajua kwamba mwana aliyesema hayo amesema kwa mapenzi. Nasi hatuna haki ya kumhukumu marehemu, ambaye pengine kwa safari zake watoto wengi wa wengine walibaki na uhai. Tunamwombea Mwenyezi Mungu amrehemu na ayapokee mema yake. Lakini mafundisho yetu yanatukumbusha kwamba watu wa nyumbani nao wana haki, na haki hiyo haifutwi na wema tunaowatendea walio mbali. Mtu anaweza kuwa jicho la mamilioni na nyumbani kwake wakamwona kwa nadra. Hilo si la wapiga picha peke yao. Linamhusu dereva wa malori, daktari wa zamu za usiku, mfanyabiashara wa safari za Guangzhou na Dubai, na hata mlinganiaji anayezunguka mikoani miezi kwa miezi.

JAWABU LETU

Ewe mama yetu uliyetuandikia, tunarudi kwako.

Umeuliza kama ni kazi ya mtu wa heshima. Tumekuonyesha mtu aliyeifanya kwa heshima. Tunaamini kamera ni amana, na amana hiyo ina haki za watu wawili. Wa kwanza ni yule anayepigwa picha. Ana haki ya kuhurumiwa kabla ya kuonyeshwa, na ya kuonyeshwa alivyo, bila kudhalilishwa wala kuuzwa. Wa pili ni yule aliyebaki nyumbani akimsubiri mpiga picha. Kijana wako akizijua haki hizi mbili, mwache aende. Asipozijua, hata angeajiriwa benki hatakuwa na amani.

Leo karibu kila mmoja wetu ana kamera mfukoni, na hilo linaifanya nasaha hii kuwa ya nyumba zote. Mmoja wetu alishuhudia hivi karibuni ajali ya pikipiki barabarani. Kijana aliyeanguka alikuwa akivuja damu, na watu tisa walimzunguka. Saba walikuwa wameinua simu. Wawili tu waliinama: mzee wa makamo aliyevua koti lake, na muuza maji aliyeiacha toroli yake katikati ya njia. Picha za wale saba bila shaka zilitumwa huku na kule kabla majeruhi hajafika hospitali, na yumkini mama yake alizipata katika simu kabla ya kupewa habari. Picha za Korem ziliwafanya watu wa mbali wanyanyuke kusaidia. Picha za barabarani ziliwafanya watu wa karibu wasimame wasisaidie. Chombo ni kimoja, na tofauti imo ndani ya aliyekishika.

Kwa hiyo, mama, mpe mwanao mtihani mdogo kabla ya ada. Mwambie aende kwa muda wa mwezi mmoja akapige picha za watu wa mtaani kwenu wanaofanya kazi: mshona viatu, mama wa vitumbua, mwalimu wa madrasa na watoto wake. Masharti ni matatu. Aombe ruhusa kwanza kwa kila mmoja. Amwonyeshe kila mmoja picha yake kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Na awe nyumbani kabla ya Magharibi, aswali na baba yake. Mwezi ukiisha, zitandazeni picha hizo mezani mzitazame pamoja. Mtajua kama ana jicho, na mtajua kama ana subira. Vyote viwili vikiwapo, mtafutieni chuo kinachofundisha kazi hiyo kwa ukamilifu: taa, sauti, uhariri, hesabu za biashara, na sheria. Asiishie kwenye kubonyeza kitufe.

Na wewe baba wa kijana, ndugu yetu, hatukulaumu. Hofu yako ni ya mzazi, na kijana asiye na kazi ni mzigo unaouona ukikujia. Lakini tunakuomba jambo moja lisilohitaji ada. Usingoje mwanao aje kuomba radhi. Nenda wewe kwa shemeji yako baada ya sala ya Ijumaa, kaa naye kijana, mwambie akuonyeshe picha alizozipiga. Huenda hujaziona hata moja. Zitazame zote kabla ya kusema neno. Kisha rudini nyumbani pamoja.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo katika nyumba hii na katika nyumba zetu zote. Wallahu a'alam.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.